Goti la Colby na Mguu wa Luanne

Kwa miaka thelathini na moja kazi yangu ilikuwa kupunguza maumivu ya watu, na mimi si nesi. Nilikuwa mhariri wa dawati wa Mjumbe wa Brannock, gazeti la mji wetu hapa Ohio. Kila asubuhi saa moja, kikombe cha kahawa mkononi, nilipiga simu kwenye vituo sita vya polisi na kuuliza, "Kuna chochote?" Wao wakisoma, mimi nikiandika. Mtu aliyevunjwa taya akawa "amepata majeraha yasiyohatarisha maisha". Mama aliyeungua mgongo mzima, "hali yake ni tulivu". Tulivu, utadhani kalala bustanini anaota jua. Nimeyaandika hayo maelfu ya mara na chakula cha mchana nikala vizuri, na nikikumbuka leo najionea kinyaa.

Hatua nane kutoka kwenye meza yangu alikaa Gus wa michezo. Kwa Gus damu haikukauka. Timu yetu ya shule ya upili, Nyigu, ikifungwa, basi "imechinjwa". Ikishinda, "imewafanyia mauaji" watoto wa Eastvale. Kocha akizomewa na wazazi, "amejeruhiwa vibaya". Ukurasa wa mbele nao haukubaki nyuma. Bajeti ya kaunti "ilivuja damu", na diwani mmoja "alichomwa kisu mgongoni" na diwani mwenzake, ilhali wote wawili niliwaona Jumapili kwenye mgahawa wa Dot wakila mayai kwenye meza moja na kupeana chupa ya tomato. Yaani kwetu waliopiga kelele za maumivu walikuwa wazima, na walioumia kweli walipewa mistari mitatu ukurasa wa saba.

Sikuwahi kuliona hilo. Lilikuwa mbele ya pua yangu kila siku na sikuliona, mpaka Oktoba ya mwaka jana.

Ijumaa moja ya mwezi huo, katika mechi ya mpira wetu ule wa kuvaa helmeti na kugongana, kijana aitwaye Colby Danziger aliangukiwa na watu watatu. Colby ndiye mrusha mpira wa Nyigu, namba kumi na mbili, miaka kumi na saba. Goti lake la kushoto lilipinda. Gazeti la Jumapili likatoka na kichwa cha habari kilichotanda ukurasa mzima wa mbele: MOYO WA BRANNOCK WAPASUKA. Chini yake mchoro wa goti, mkubwa kuliko sahani ya chakula, kano zote zimeandikwa majina na mishale myekundu inaonyesha palipochanika. Daktari wa mifupa alihojiwa. Mchungaji alihojiwa. Bibi yake Colby alihojiwa, akasema tangu Ijumaa hajaweza kumeza hata supu. Simchukii kijana. Aliumia, na goti ni goti. Lakini mimi mwenyewe nilitumia asubuhi nzima ya Jumamosi kuhakikisha jina la kano moja limeandikwa sawasawa.

Asubuhi hiyo hiyo, katikati ya shughuli za goti, Sajenti Prewitt, msemaji wa ofisi ya sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti tunayemchagua kwa kura, alinisomea tukio kwenye simu, nami nikaandika alivyosoma. Likatoka ukurasa wa saba, kati ya tangazo la kuzoa majani na tangazo la maboga. "Mwanamke wa miaka 61 aliyeingia barabarani Mtaa wa Chestnut Ijumaa saa tisa alasiri aliguswa na gari la ofisi ya sherifu na kupata majeraha madogo, alisema msemaji wa ofisi hiyo." Sikuuliza jina. Sikuuliza alikuwa akifanya nini barabarani. Aliguswa, nikaandika, nikarudi kwenye goti langu.

Siku kumi na mbili zikapita tangu Ijumaa ile. Jumatano asubuhi, simu yangu ikalia.

"Wewe ndiye uliyeandika madogo?" Sauti ya mwanamke, kavu.

"Naongea na nani?"

"Na yule aliyeguswa. Luanne Petrasek."

Luanne huyo ndiye mvusha watoto wa Mtaa wa Chestnut. Amesimama pale na koti lake la njano na kibao chake cha kusimamisha magari miaka ishirini na mbili. Amewavusha wanangu wote wawili, na yule mdogo alikuwa akimpelekea biskuti kila Krismasi.

"Luanne. Mimi ni Verna. Verna Dubic, mama yake Joey."

"Najua ni nani. Jina lako si wamelipachika pale chini pa kulalamikia makosa? Basi nina kosa. Njoo ulione."

"Niambie tu hapa kwenye simu, nitaandika."

"Za simu ulishaandika," akasema, akakata.

Saa sita nikaendesha gari dakika ishirini hadi kituo cha mazoezi ya wagonjwa kilicho nyuma ya hospitali. Nilimkuta ameketi kitandani, nywele kazichana, rangi ya mdomo kapaka, kama anayemsubiri mgeni wa heshima. Blanketi lilipanda juu ya mguu wa kushoto hadi kwenye vidole. Upande wa kulia lilishuka likawa bapa tangu chini ya goti. Nilitazama pale mara moja, kisha nikatazama dirisha.

"Tazama tu," akasema. "Sikukuita uje kuona miti."

Akalivuta blanketi mwenyewe. Kipande cha mguu kilikuwa kimefungwa bandeji yenye doa la kahawia, ukingoni njano. Kwenye nyonga chuma kilitokea nje ya ngozi, kimeshikwa na skrubu nne, na ngozi inayozunguka kila skrubu ilikuwa nyekundu, imevimba, inang'aa. Kulikuwa na harufu ya dawa, na chini ya dawa kulikuwa na harufu nyingine.

"Nyonga imevunjika mahali patatu," akasema. "Mguu waliukata Jumapili, siku lilipotoka gazeti lako. Nilipozinduka dada yangu alikuwa amelileta, anasoma yale ya Colby. Akafika ukurasa wa saba. Akaniuliza, 'Luanne, hivi huyu ni wewe?'"

"Samahani."

"Samahani iweke kwanza. Ngoja nikusimulie, maana tangu siku hiyo hakuna aliyeniuliza ilikuwaje. Hata mmoja. Sherifu hakuuliza, wewe hukuuliza."

Akasimulia taratibu. Watoto walikuwa wametoka shule. Nyuma yake kwenye njia ya miguu walisimama mapacha wawili wa darasa la kwanza, wavulana wa akina Moretz. Alitoka yeye kwanza na kibao juu, kama afanyavyo siku zote, watoto wasubiri mpaka magari yasimame. Gari la naibu wa sherifu, askari kijana aitwaye Kip Haldane, likashuka mlimani bila king'ora, bila taa. Haldane alikuwa akiwahi zamu ya kupanga magari uwanjani, kwa ajili ya mechi.

"Alinitupa kule," akasema Luanne. "Nikajiona nimelala, unyayo wangu umetazama nyuma. Nikataka kupiga kelele, Verna. Nilikuwa nayo hapa kooni. Halafu nikawaona wale wawili wanashuka barabarani, wanakuja kuniinua. Na nyuma ya gari la Kip kulikuwa na magari mengine yanakuja. Basi nikaimeza. Nikawaambia, rudini. Shikaneni mikono. Geukeni mtazame ule mti, mnihesabie majani yaliyobaki. Nikawa nawauliza, mmefika ngapi? Wanasema kumi na nne. Nawaambia, hapana, mmeruka moja, anzeni tena. Nikaongea nao hivyo mpaka gari la wagonjwa likaja."

Akanywa maji.

"Sasa soma hii."

Ilikuwa barua ya ofisi ya sherifu. Niliisoma mara mbili ndipo nikaamini. Kanuni ya kaunti ni hii: gari la serikali likimuumiza mtu vibaya, uchunguzi unakwenda kwa polisi wa jimbo. Majeraha yakiwa madogo, sherifu anachunguza watu wake mwenyewe, na siku ya kumi na nne faili linafungwa. Likishafungwa halifunguliwi tena. Barua ilisema faili la Bi Petrasek lingefungwa Ijumaa, "kwa kuwa majeraha yalikuwa madogo, kama ilivyoripotiwa pia na gazeti la Mjumbe". Na ilisema yeye ndiye aliyeingia barabarani bila tahadhari.

"Wakilifunga," akasema, "nimejigongesha mwenyewe. Mimi. Miaka ishirini na mbili hakuna mtoto aliyekwaruzwa pale, na jina langu ndilo litakuwa la mwanamke asiyejua kuvuka barabara. Jirani yangu kashamuuliza dada yangu kwa nini sijarudi nyumbani, si nimeumia kidogo tu? Sitaki unionee huruma. Nataka uandike kilichotokea kabla ya Ijumaa."

"Nitaandika," nikasema.

"Usiniahidi. Andika."

Nilirudi kazini saa nane nikampigia Prewitt kabla sijavua koti.

"Sajenti, yule mama wa Chestnut amekatwa mguu."

"Nimesikia. Masikini. Mpe pole zangu."

"Nyinyi mlisema majeraha madogo."

"Siku ile yalikuwa madogo."

"Unyayo uligeukia nyuma, Prewitt."

"Verna, sikiliza, mama. Fomu ina visanduku vitatu. Amekufa, mahututi, madogo. Hakufa. Mahututi ni yule asiyeongea. Huyu ninayo ripoti yake hapa: 'Ametulia, anaongea vizuri, anahesabu.' Anahesabu, Verna. Sasa nimweke kisanduku gani? Cha nne sina."

"Alikuwa anawazuia watoto wasiingie barabarani."

"Hongera zake. Kisanduku cha hongera pia hakipo."

"Basi badilisheni hicho kimoja."

"Kwa ushahidi upi? Karatasi za hospitali huchukua wiki sita. Tulicho nacho ni fomu na gazeti. Na gazeti lenu limesema madogo."

"Gazeti liliwanukuu nyinyi."

"Na sisi tunalinukuu gazeti," akasema, na nikamsikia akicheka. "Ndiyo maana mji huu tunaelewana."

Nikaweka simu chini nikafuta kiganja changu kwenye sketi, kana kwamba kicheko chake kilikuwa kimenimwagikia. Halafu nikaandika. Aya nne, wazi: nani, wapi, gari la nani, kibao mkononi, mguu umekatwa. Nikampelekea Dale Wickersham.

Dale ni mhariri mkuu. Ana mwili wa pipa na roho ya mtu anayependa kupendwa. Mwaka 1983 aliichezea Nyigu, na koti lake la timu bado limetundikwa ofisini nyuma ya mlango, ingawa sasa haliingii hata mkono mmoja. Alisoma aya zangu akaanza kupuliza pumzi puani.

"Duh. Hii ni nzito."

"Ni kweli."

"Sikatai ni kweli. Nasema ni nzito. Watu wanatusoma wakila kifungua kinywa, Verna. 'Umekatwa chini ya goti.' 'Unyayo umegeukia nyuma.' Utawaumiza wasomaji."

"Wasomaji tuliwachorea goti, Dale. Na mishale."

"Goti la Colby ni habari."

"Na hili?"

"Hili ni ajali. Isitoshe hatukukosea. Tulisema sherifu amesema. Sherifu hakusema? Alisema. Kosa liko wapi?"

"Kosa liko kitandani, linanuka usaha."

Akakunja uso. Hakupenda neno usaha ofisini kwake. Akavuta kibodi, akaanza kufuta aya zangu moja moja, na midomo yake ikitikisika kama mtoto anayejifunza kusoma. Alipomaliza ilibaki sentensi moja: "Bi Petrasek anadai kuwa majeraha yake ni makubwa kuliko ilivyoripotiwa awali."

"Anadai?" nikasema.

"Ni lugha ya usawa."

"Dale, mguu haupo. Anadai vipi mguu ambao haupo?"

"Mimi sikuuona. Wewe uliuona, lakini wewe ni rafiki yake. Angalia, naiweka Jumatatu. Ukurasa wa pili."

"Faili linafungwa Ijumaa."

"Hayo ya faili ni yao. Na zimebaki wiki mbili watu wapige kura ya sherifu, sitaki mtu aseme gazeti limemchoma kisu." Akaona uso wangu. "Usinitazame hivyo, bwana. Nakusaidia. Mwingine angekataa kabisa."

Alidhani ananisaidia, na hilo ndilo lililonichefua kuliko kicheko cha Prewitt. Prewitt alijua anachofanya. Dale alikuwa amekaa pale na uso mwema, ameshika mguu wa mtu, anaufuta kwa kidole kimoja, na akitoka hapo ataenda nyumbani kumwambia mkewe kuwa leo kazini kulikuwa na siku ya machungu.

Nikarudi kwenye meza yangu. Ilikuwa saa kumi kasoro. Gazeti la Alhamisi hufungwa saa kumi na moja, na mimi ndiye niliyekuwa nafunga kurasa. Gus alikuwa amekwisha kuniletea ukurasa wake wa michezo na kwenda mazoezini kwa kocha.

Kila Alhamisi kabla ya mechi, ukurasa huo hubeba Orodha ya Majeruhi. Ni kisanduku cheusi juu kulia, na hakuna kitu kinachosomwa Brannock kama hicho kisanduku. Wazee hukikata wakakiweka kwenye pochi. Kinyozi hukibandika kwenye kioo. Gus huwapanga wachezaji kwa uzito wa jeraha, aliyeumia zaidi juu, na humo hakuna mambo ya madogo wala tulivu. Humo kiungo kinatajwa kwa jina, kinachokiuma kinatajwa, na inasemwa kama mwenyewe atarudi au hatarudi. Kocha hatakubali vinginevyo, na wazazi vilevile. Juma hilo Colby alikuwa wa kwanza: goti la kushoto, kano imechanika, hatacheza. Akafuata kijana Lutz: paja, msuli umevutika, ana shaka. Wa mwisho Trey Sabo, kidole gumba, atacheza.

Nilisoma kile kisanduku na nikaona haya. Kidole gumba cha Trey Sabo kilikuwa kimeandikwa kwa heshima kuliko kiungo chochote nilichowahi kukiandika mimi kwa miaka thelathini na moja.

Dale huwa hakipitii. Mwaka 1983 jina lake mwenyewe lilikuwa humo, na tangu hapo anaamini akikitazama kabla ya mechi Nyigu watafungwa. Hukifunika kwa mkono hata anapopita kwenye meza ya Gus. Kila mtu ofisini anajua, na tulikuwa tukimtania.

Sikufikiri sana. Ningefikiri nisingefanya, maana nilikuwa na miaka miwili tu kabla ya kustaafu. Nilisogeza majina matatu chini, nikaandika juu yao kwa mtindo ule ule wa Gus:

"Luanne Petrasek, 61, mvusha watoto, Mtaa wa Chestnut. Mguu wa kulia: umekatwa chini ya goti. Nyonga: imevunjika mahali patatu. Aligongwa na gari la naibu wa sherifu, kibao cha kusimamisha magari kikiwa mkononi, naibu akiwahi uwanjani. Faili linafungwa kesho. Hatarudi."

Nikaufunga ukurasa saa kumi na dakika hamsini, nikaenda nyumbani nikapika viazi.

Alhamisi simu zilianza kabla sijaweka kahawa chini. Nilizihesabu hadi saa tano: arobaini na tatu. Watu wawili waliniuliza Luanne yuko wodi gani. Waliobaki walitaka mambo mengine kabisa.

"Mnatania majeruhi wetu?" akauliza mzee mmoja. "Vijana wanajitoa mhanga pale."

"Hatutanii. Amekatwa mguu."

"Sawa, lakini hiyo si orodha yake."

Mama yake Trey Sabo alikuwa akilia. "Umemsukuma mwanangu mpaka mwisho kabisa, jina lake limekatika kwenye kona. Unajua alivyoumia?"

"Kidole gumba," nikasema.

"Moyoni," akasema. "Ameumia moyoni."

Simu ya arobaini na nne ilikuwa ya mwanamke aliyeongea polepole. Alijitambulisha kuwa ni mama wa wale mapacha wa akina Moretz.

"Mara mbili nimepiga kwa sherifu," akasema. "Wanangu waliona kila kitu. Mara ya kwanza wakaniambia watanipigia. Mara ya pili wakasema haina haja, mama, mbona gazeti limesema ni kidogo tu. Basi nikadhani labda ni mimi. Labda watoto wametia chumvi. Mdogo kila akilala anahesabu, nikadhani ni mchezo." Akapumua. "Kumbe ni kweli alikatwa mguu."

"Kweli."

"Nipe namba ya polisi wa jimbo."

Nikampa. Nikampa na ya kituo cha televisheni cha mjini, na nikamwambia awaambie alikoisoma. Saa nane gari lao lenye dishi lilikuwa limeegeshwa mbele ya ofisi ya sherifu, na mtangazaji ameshika ukurasa wetu wa michezo mbele ya kamera, anausoma kwa sauti. Jioni ile sherifu alitangaza kuwa kwa moyo mweupe kabisa analikabidhi faili kwa polisi wa jimbo. Alisema wiki hii imekuwa ngumu na yenye majeraha kwa familia yake ya askari.

Dale aliniita dakika kumi baada ya tangazo hilo. Hakufoka. Afadhali angefoka.

"Miaka yote hii," akasema. "Sikutegemea, Verna. Nimeumia. Nakwambia ukweli wangu, nimeumia sana."

"Wapi?"

"Nini?"

"Umeumia wapi, Dale? Niandike."

Akatazama koti lake nyuma ya mlango. "Ulimweka juu ya Colby," akasema hatimaye, na machozi yakamlengalenga. "Ungemweka hata chini. Ungemweka chini ningeweza kukutetea."

Nikaondoka na sanduku moja la vitu vyangu. Gus alinisaidia kulibeba hadi kwenye gari, na alipolifunga buti akaniuliza kama nyonga ya Luanne imevunjika au imepasuka tu, maana kwake hayo ni mambo mawili.

"Imevunjika."

"Basi uliandika sawa," akasema.

Ijumaa alasiri nilikwenda kumwona. Mpelelezi wa polisi wa jimbo alikuwa ametoka asubuhi hiyo. Alikaa naye saa mbili na nusu, akamuuliza ilikuwaje, akamwacha aseme mpaka mwisho. Luanne alinisimulia hayo akiwa amechoka, rangi ya mdomo imemtoka, na mara kwa mara alishika ukingo wa kitanda akangoja kitu kipite. Hakunishukuru. Ningechukia kama angenishukuru.

"Dada yangu kaleta la leo," akasema. "Miwani sina. Nisomee pale mbele, wamesema kuna kitu."

Lilikuwa juu kabisa ya ukurasa wa mbele, ndani ya kisanduku, kwa herufi nene. Miaka thelathini na moja sikuwahi kuona tukiomba radhi ukurasa wa mbele, na hapa walikuwa wameandika kwa siku moja tu. Nikasoma.

"Mjumbe linaomba radhi kutoka moyoni kwa wachezaji wa Nyigu, kwa familia zao, na kwa wanaume na wanawake wa ofisi ya sherifu, kwa maumivu makali yaliyosababishwa na Orodha ya Majeruhi ya jana. Tunatambua kuwa jeraha hili litachukua muda kupona. Tunaungana na wote walioumizwa."

Luanne alifumba macho. Nilidhani amelala. Nikaanza kulikunja gazeti.

"Hapo pa wote," akasema. "Soma tena."

Nikamsomea tena.

"Na mimi nimo?"

Nikatafuta jina lake toka juu hadi chini, ingawa nilijua.

"Hapana," nikamwambia.